“Paper over the cracks”: mwongozo kamili wa kuuelewa, kuutumia na kuutafsiri

Kosa kubwa kuliko yote katika kuutafsiri msemo huu wa Kiingereza, wenye maana ya kulifunika tatizo lisionekane bila kulitatua, limo ndani ya kitenzi kimoja. Kiingereza kimesema “The board papered over the cracks”, mtafsiri akaandika “Bodi iliziba nyufa”. Sentensi ni sahihi kisarufi, inasomeka vizuri, na maana yake ni kinyume kabisa cha ile ya mwanzo. Kiingereza kiliilaumu bodi, Kiswahili kimeisifu. Kwetu sisi anayeziba ufa ndiye mtu wa maana: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kosa katika msemo wa Kiingereza hakuziba chochote. Alifunika.

Tofauti hiyo ya kuziba na kufunika ndiyo itakayotuongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwongozo unamfaa mwanafunzi, mwandishi wa habari, mtafsiri, na yeyote anayekutana na msemo huu mara kwa mara kazini.

Hatua ya 1: Anza ukutani

Neno “paper” hapa ni kitenzi, na maana yake ni kubandika karatasi za mapambo ukutani. Msemo umetoka kwenye nyumba ambamo karatasi hizo ni sehemu ya kawaida ya umaliziaji, kama rangi ilivyo kwingine. Uingereza iliwahi hata kuzitoza kodi maalumu tangu mwaka 1712, na kodi hiyo ikafutwa mwaka 1836. Karne ya 19 ilipoleta mashine za kuzichapa kwa wingi, bei zikashuka na karatasi zikaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Msikilizaji wa Kiingereza anaposikia “paper over”, huiona picha hiyo bila kufikiri.

Kwa nini karatasi haiwezi kuushinda ufa? Kwa sababu ufa mwingi haujatulia. Ukuta hutanuka na kusinyaa kwa joto na unyevu, na msingi ukititia ukuta nao huvutwa. Karatasi imeshikwa na gundi upande wa kulia wa ufa na upande wa kushoto, lakini katikati inaning’inia hewani. Tena inapopakwa gundi hulowa na kutanuka, kisha inapokauka hujikaza, hivyo tangu siku ya kwanza imevutika. Ufa ukipanuka kidogo tu, karatasi inachanika kwa kuufuata mstari uleule uliofichwa. Ufa ukijifunga, karatasi inatuna na kufanya mkunjo. Kwa vyovyote vile, mchoro wa ufa unajitokeza tena juu ya pambo.

Hata hivyo karatasi si dhambi. Wataalamu wa majengo wa Uingereza huzipanga nyufa kwa madaraja, kuanzia 0 hadi 5. Daraja la 0 ni nyufa nyembamba kama unywele, zisizofika milimita 0.1. Daraja la 1 hufika milimita 1, na nyufa za namna hiyo hutengenezwa kwa umaliziaji wa kawaida tu. La 2 hufika milimita 5, na hapo ufa hujazwa kwanza, ndipo chumba kipambwe upya. La 3 ni milimita 5 hadi 15, la 4 ni 15 hadi 25, na la 5 ni zaidi ya 25, ambapo swali si la pambo tena bali ni la ukuta wenyewe. Upana peke yake hautoshi kuamua: ufa wa milimita 3 unaoendelea kupanuka ni wa kuogopwa kuliko wa milimita 5 uliotulia miaka mingi.

Fundi makini huanza kwa kutafuta kinachoupasua ukuta. Kisha huuchokonoa ufa upanuke kwa umbo la V, hupiga brashi vumbi litoke, huulowanisha kidogo, huujaza kwa tabaka, husubiri ukauke na kupiga msasa. Karatasi huja mwisho. Fundi anayelaumiwa na msemo ameruka kazi zote hizo na kuanza na ya mwisho.

Kwa hiyo ndani ya msemo mna vitu vitatu: tatizo ambalo bado liko hai, kifuniko kinachopendeza macho, na kazi iliyorukwa katikati. Kimoja kikikosekana, msemo haufai. Tatizo likiwa limekwisha kweli, huwezi kusema mtu ame-“paper over”. Vilevile kama tatizo limeachwa wazi mbele ya watu wote, hapo pana uzembe tu, kwa kuwa hakuna kilichofunikwa.

Hatua ya 2: Uone msemo ukifanya kazi mahali pamoja

Asili ya matumizi ya kisiasa ya msemo huu kwa kawaida huhusishwa na Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, moja ya nchi za Kijerumani za wakati huo. Mwaka 1864 Prussia na Austria zilipigana na Denmark na kuyateka majimbo ya Schleswig na Holstein, kisha zikashindwa kuelewana kuhusu nani ayatawale. Agosti 1865 zikafunga mkataba mjini Gastein: Prussia isimamie Schleswig, Austria isimamie Holstein. Bismarck mwenyewe, katika barua ya siku hizo, alieleza kwamba walikuwa wakijitahidi kulinda amani na kugundisha nyufa za jengo. Kijerumani chake kilitaja gundi tu, na Kiingereza ndicho kilichoongeza karatasi.

Vipime vile vitu vitatu. Tatizo lililo hai ni swali la nani awe mkubwa miongoni mwa nchi za Kijerumani, na mkataba haukuligusa. Kifuniko ni mgawanyo wa usimamizi uliopendeza kwenye karatasi. Kazi iliyorukwa ni kukubaliana. Juni 1866, miezi kumi tu baadaye, mataifa hayo mawili yakaingia vitani, na 3 Julai Austria ikashindwa vibaya huko Königgrätz. Karatasi ilichanika palepale ufa ulipokuwa.

Hatua ya 3: Fahamu viungo vya sentensi

Umbo kamili ni “paper over the cracks”, na “cracks” karibu daima huwa katika wingi. Umbo fupi ni “paper over” likifuatwa na tatizo lenyewe: “differences”, “divisions”, “disagreements”, “problems”. Ukishataja “differences” huhitaji “cracks” tena.

Neno “over” ndilo linalobeba lawama. Ukisema “paper the cracks” umebaki na picha nusu, na ukisema “paper on the cracks” msikilizaji atasita. Ukiondoa yote mawili na kusema “paper the house”, umeingia kwenye msemo mwingine kabisa wa watu wa maigizo, wenye maana ya kugawa tiketi za bure ili ukumbi uonekane umejaa.

Nyufa huwa “in” kitu, si “of” kitu: “the cracks in the agreement”, “the cracks in the team”. Kosa la “of” hutokana na kiunganishi chetu cha -a, maana tunasema nyufa za mkataba, na mkono unaandika “of” wenyewe.

Angalia pia maneno madogo yanayoandamana nao: “only”, “merely”, “just”, “simply”. Yanaonyesha kwamba mwandishi anapima kilichofanyika dhidi ya kilichopaswa kufanyika. Kwa Kiswahili “tu” hutosha, lakini iwekwe mahali pake. “Mkutano ulifunika tofauti tu” na “Mkutano tu ndio uliofunika tofauti” ni habari mbili tofauti.

Jambo la mwisho katika hatua hii husahauliwa sana: mtenda si lazima awe mtu. Katika habari za michezo utasoma “Three straight wins have papered over the cracks in defence”. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Ushindi wenyewe ndio kifuniko. Kumbuka mfano huu, maana utaharibu tafsiri moja maarufu huko mbele.

Hatua ya 4: Tafsiri kwa kuuliza maswali manne

Usianze na kamusi. Chukua kalamu, uandike majibu ya maswali haya kuhusu sentensi iliyo mbele yako: Ufa ni nini? Kifuniko ni nini? Nani amefunika, na je, alikusudia? Kazi gani imerukwa? Ukiweza kuyajibu yote, Kiswahili kitakuja chenyewe. Ukishindwa kujibu la kwanza, rudi kwenye aya iliyotangulia, kwa sababu waandishi wa Kiingereza mara nyingi huutaja ufa mapema kisha wakautumia msemo kama muhtasari.

Tufanye moja kwa ukaribu: “The pay rise only papered over the cracks.”

Rasimu ya kwanza ya wengi: “Nyongeza ya mshahara ilibandika karatasi tu juu ya nyufa.” Msomaji wa Kiswahili anaelewa maneno yote na hapati kitu. Kwake karatasi ni ya kuandikia, na ufa haufunikwi nayo.

Rasimu ya pili: “Nyongeza ya mshahara iliziba nyufa tu.” Hili ndilo kosa tulilolianzia. Hata “tu” haliwezi kuliokoa, kwa sababu ufa uliozibwa umekwisha.

Rasimu ya tatu: “Nyongeza ya mshahara ilifunika nyufa tu.” Sasa maana imefika. Picha ni ya Kiswahili, na msomaji anahisi kwamba chini ya kifuniko pana jambo. Kwa makala ya kawaida, hii inatosha.

Sasa yajibu maswali. Tuseme aya iliyotangulia imeeleza kwamba wafanyakazi walikuwa wakigombana na msimamizi kuhusu zamu. Ufa ni zamu, kifuniko ni fedha, aliyefunika ni mwajiri, na kazi iliyorukwa ni kupanga zamu upya. Rasimu ya nne: “Nyongeza ya mshahara iliwatuliza watu tu, suala la zamu halikuguswa.” Picha ya ufa imepotea, lakini habari imekuwa kali kuliko ya Kiingereza. Katika ripoti na barua za kikazi, rasimu ya nne ndiyo bora. Katika makala ya maoni, ambako picha ina kazi yake, baki na ya tatu. Ukitaka picha iliyo karibu zaidi na macho ya msomaji wetu, mpe rangi au chokaa badala ya karatasi: “ni kupaka rangi juu ya ufa”. Rangi hufanya kosa lilelile la karatasi, na kila aliyewahi kuishi katika nyumba iliyopakwa harakaharaka ameshauona mstari ukijichora upya.

Sentensi ya mechi tatu ichukue hivi: “Ushindi wa mechi 3 mfululizo umeficha udhaifu wa safu ya ulinzi.” Kuficha hapa hakumlaumu mtu, na ndivyo tunavyotaka.

Ya wanasiasa, “The two parties papered over their differences before the vote”, ina watu na ina nia, hivyo inahitaji kitenzi chenye nia: “Vyama hivyo viwili vilijionyesha vimepatana kabla ya kura.” Ukiandika “vilimaliza tofauti zao” umewapa amani wasiyoifikia.

Na ya kompyuta, “The update papers over the cracks by restarting the program”: “Toleo jipya halijaondoa hitilafu, linaiwasha programu upya kila inapozima.” Mafundi wa programu hawana haja na nyufa. Waambie kilichofanyika na kilichoachwa.

Hatua ya 5: Chuja methali na misemo yetu kabla ya kuitumia

Hapa ndipo watafsiri wazuri wanapoteleza, kwa sababu Kiswahili kina utajiri na kila msemo unajitokeza ukidai nafasi.

“Funika kombe mwanaharamu apite” ndio unaokuja kwanza mdomoni. Unahusu kufunika, kweli, lakini anayeutumia anashauri kufunika. Kuna mtu au balaa lipitalo, na hekima ni kutulia hadi lipite, kisha kombe lifunuliwe. “Paper over the cracks” hauna busara hiyo, maana unamhukumu aliyefunika. Utumie pale tu ambapo mtu ndani ya habari anajitetea: “Viongozi waliona heri wafunike kombe, mwanaharamu apite.” Kwa mechi tatu za ushindi haufai kabisa, kwani ushindi hauna akili ya kufunika kombe.

“Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa” ni kumlaghai kwa maneno matamu yasiyo na faida. Kinachohitajika hapo ni mtu anayelaghaiwa. Kama sentensi ya Kiingereza ina wateja walioahidiwa wasichopewa, unaweza kusogea huko, lakini fahamu kwamba umehama kutoka kwenye ufa hadi kwa mlaghaiwa.

“Kulipua kazi” na “bora liende” vinasema juu ya mtindo wa utendaji: haraka, bila umakini. Kazi iliyolipuliwa inaweza kuonekana mbovu waziwazi. Iliyofunikwa inaonekana nzuri, na ndiyo hatari yake. Mara nyingi vyote viwili hutokea pamoja, fundi akalipua kisha akafunika, na hapo sema vyote viwili.

“Kiraka” kina uaminifu ambao msemo wa Kiingereza hauna. Kila mtu anakiona na anajua chini yake kuna tundu. Kwa suluhisho la muda lililotangazwa kuwa la muda, andika kiraka, usiandike kufunika.

“Kuzuga” na “danganya toto” ni za mazungumzo, na zinaibeba vizuri sana ile hali ya kifuniko kisicho na kitu: “Ule mkutano ulikuwa kuzuga tu.” Zifae mazungumzo na safu za mtandaoni, zisiingie kwenye hati rasmi.

“Mficha maradhi kifo kitamuumbua” inataja mwisho wa mambo, siku karatasi inapochanika. Haitafsiri msemo wenyewe, lakini hutafsiri vizuri sentensi inayoufuata, ile ambayo Kiingereza husema “the cracks began to show again”.

Hatua ya 6: Usiuchanganye na jirani zake

“Fall through the cracks” pia ina nyufa, lakini ni nyufa za sakafu: mtu au jambo limedondoka katikati na kusahauliwa. Mgonjwa ambaye kila idara ilidhani anahudumiwa na nyingine “fell through the cracks”. Kwa Kiswahili amesahaulika, amepotelea katikati. Hakuna aliyefunika chochote.

“Sweep under the carpet” ni kulificha jambo lisionekane kabisa, mara nyingi jambo la aibu. Aliye-“paper over” bado anauonyesha ukuta, tena kwa fahari. “Whitewash” inakwenda mbali zaidi, hadi kusafisha jina la mwenye hatia. “Cut corners” ni kuruka hatua ili kuokoa muda au fedha. Ndiyo chanzo cha nyufa nyingi, lakini yenyewe si kifuniko. “A lick and a promise” ni kazi ya kupitisha mkono juu juu kwa ahadi ya kuja kuimalizia baadaye. Haina ukali, kwa sababu ahadi imo ndani yake.

Hatua ya 7: Ukiutumia katika Kiingereza chako

Jua kwamba unatuhumu. “You are papering over the cracks” humwambia mtu kwamba anajua tatizo lipo na ameamua kulificha. Katika barua pepe kwa mkubwa wako, sentensi hiyo husikika vibaya kuliko ulivyokusudia. Ipunguze kwa njia mbili. Kwanza, fanya jambo liwe mtenda badala ya mtu: “This plan papers over the cracks.” Pili, ongeza “may” au “risks”: “This risks papering over the cracks.” Kisha mara moja utaje ufa wenyewe kwa jina, na kazi iliyorukwa. Msemo ukiachwa peke yake mwishoni mwa aya humwacha msomaji akijiuliza unamaanisha tatizo lipi, na mara nyingi atadhani unamsema yeye.

Utumie mara moja katika waraka mmoja. Ukirudiwa unapoteza uzito. Na usiuchanganye na picha nyingine katika sentensi hiyohiyo. “Papering over the cracks in a sinking ship” huweka karatasi za ukutani baharini, na msomaji anaanza kutazama meli badala ya hoja yako.

Hatua ya 8: Hakiki kama ni ukuta kweli

Kabla hujafunga kazi, rudi kwenye matini yote na uangalie inazungumzia nini. Katika miongozo ya ukarabati, matangazo ya nyumba na ripoti za wakaguzi wa majengo, “papered over” inaweza kuwa na maana yake ya kwanza kabisa: karatasi imebandikwa, na ufa uko nyuma yake. Dalili ni vipimo vya milimita, majina ya vyumba, maneno kama “plaster”, “lintel” na “damp”. Hapo yote tuliyoyasema juu ya kufunika kwa mafumbo weka kando, uandike ukuta kwa jina lake: “Ufa wa milimita 4 juu ya dirisha ulibandikwa karatasi bila kujazwa.” Mnunuzi wa nyumba anahitaji kuijua milimita hiyo, na anahitaji kujua kwamba haukujazwa.